Uso Wako Haujachafuka

Shangazi, mimi ni binti wa miaka 24, naishi Temeke, nafanya kazi kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Sendofu yangu ni baada ya miezi mitatu na uso wangu umechafuka kabisa. Chunusi zimejaa kwenye paji na mashavuni, zikipona zinaacha madoa meusi. Tangu mwaka uanze nimebadilisha sabuni tano: ya mwarobaini, ya mkaa, ya dawa ile ya kuulia bakteria, ya jeli, na sasa nimerudi kwenye sabuni ya kipande ya kufulia kwa sababu inakausha mafuta. Naosha uso mara nne hadi tano kwa siku kwa maji ya kisima cha pale tulipopanga, nasugua kwa dodoki, usiku napaka ndimu. Nikimaliza kuosha ngozi inavuta na kuwaka, lakini ikifika mchana uso unang'aa kama nimetoka kukaanga maandazi. Mdogo wangu ninayeishi naye anatumia sabuni hizohizo. Yeye hana chunusi hata moja, ila amepauka na kutoka magamba pembeni mwa mdomo. Mama mkwe mtarajiwa amesema mbele za watu kwamba binti hajui kujisafisha. Juzi muuzaji mmoja Kariakoo ameniuzia sabuni ya kung'arisha, anasema ndani ya siku saba uso unakuwa kama wa mtoto. Sijaifungua, naogopa. Shangazi, nishike sabuni gani?
Bi Harusi Mwenye Aibu, Temeke

Mwanangu,

Nianze na lililokuuma zaidi, maana nadhani ndilo lililokushikisha kalamu. Ati hujui kujisafisha? Mtu anayeosha uso mara tano kwa siku alikuwa msafi kuliko wote waliokuwapo, mama mkwe akiwemo. Kosa lako ni kinyume chake, na nusu ya kosa hilo ni la lugha yetu. Tunasema "uso umechafuka" tukimaanisha chunusi. Neno hilo likishaingia kichwani, mkono unajiendea wenyewe kwenye dodoki, kwa sababu kilichochafuka husuguliwa. Chunusi si uchafu.

Ndani ya ngozi ya uso kuna tezi za mafuta, na mwenye amri juu yake ni homoni. Ndiyo maana chunusi huanza mtu anapobalehe, na kwa wasichana wengi hupamba moto siku zao zinapokaribia. Mafuta hutoka kupitia vinyweleo. Kinyweleo kikizibwa na seli za ngozi zilizokufa, mafuta yanarundikana, bakteria wanaoishi humo siku zote, kwako na kwangu, wanazaliana, na ngozi inavimba. Hayo yote yanatendeka mahali ambapo dodoki halifiki. Wewe unafagia uani wakati kiwanda kiko ndani ya nyumba na hakijui kama umefagia mara mbili au mara tano. Mchana mafuta yanarudi kama kawaida, ila sasa yanatokea juu ya ngozi iliyochubuka. Na ngozi nyeusi kama yetu ikichokozwa hulipiza kwa doa. Hayo madoa unayoyalilia, sehemu ya deni lake ni la dodoki.

Sasa tuizungumze hiyo sabuni ya kipande. Mama yeyote wa kikundi cha wajasiriamali anayepika sabuni atakueleza kwamba ni mafuta yaliyopikwa kwa kostiki. Ni kitu kizuri sana kwa mashuka. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH yake iko karibu na 5, na uasidi huo ndio ukuta unaozuia maji yasitoroke na vijidudu visiingie. Sabuni ya kupikwa kwa kostiki ina pH ya 9 hadi 10. Usidhani tofauti hiyo ni ndogo, maana kipimo cha pH hupanda mara 10 kwa kila namba moja. Ule mvuto unaousikia baada ya kuosha, ambao wengi tumefundishwa kuuita usafi, ni ukuta unaobomoka. Sabuni ya mwarobaini na ya mkaa nazo, zikiwa zimepikwa kwa kostiki, ni ndugu wa tumbo moja na hiyo ya kufulia; zimebadilishana kanga tu. Ile ya kuulia bakteria isikutishe kwa jina. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliviondoa viambato 19 kwenye sabuni za namna hiyo kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na zinashinda sabuni ya kawaida na maji.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita, nami nimeliwekea kidole: maji ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na maji yenye madini mengi hugombana na sabuni ya kipande. Povu halitoki, na badala yake sabuni inashikana na madini kuwa utando mweupe, ule unaouona pembeni mwa ndoo. Utando huohuo unabaki usoni kwako, nawe unaosha tena ili kuuondoa. Kwa hiyo tenga jagi moja la maji ya DAWASA au ya mvua kwa ajili ya uso peke yake. Uso hauhitaji zaidi ya jagi.

Kabla ya kuuliza sabuni gani, uliza ngozi gani. Jumapili usiyotoka, osha uso kwa maji na sabuni laini, ukaushe, usipake chochote kwa saa moja, kisha uende kwenye kioo penye mwanga. Uso ukimeta wote, ngozi yako ni ya mafuta. Ukivuta na kupauka, ni kavu. Ukimeta kwenye paji, pua na kidevu tu huku mashavu yametulia, ni mchanganyiko, na wengi wetu tumo humo. Ukiwasha na kuwaka hata kwa kitu laini, ni ngozi nyepesi kuchokozeka. Ila wewe mwanangu usijipime wiki hii, maana ngozi yako imechubuliwa na itatoa ushahidi wa uongo. Ipumzishe wiki mbili kwanza. Acha dodoki, ndimu na sabuni ya kipande, osha asubuhi na usiku tu.

Kwa maelezo yako, mafuta unayo. Tafuta sabuni ya uso ya jeli, isiyo na manukato, inayotoa povu la wastani. Dukani geuza chupa usome nyuma, mbele huandikwa ya kuuza. Ukiona Sodium Palmate, Sodium Tallowate au Sodium Cocoate mwanzoni mwa orodha, hiyo ni sabuni ya kupikwa hata kama imechorwa waridi. Irudishe kwenye rafu. Ukiona Sodium Cocoyl Isethionate au Cocamidopropyl Betaine, hivyo ni visafishaji laini zaidi, na haviachi ule utando kwenye maji ya chumvi. Ngozi ikishatulia, unaweza kuchukua yenye asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2. Asidi hiyo huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana huweza kuingia kwenye kinyweleo kilichoziba. Anza mara moja kwa siku, usiku. Ipo pia benzoili peroksaidi, ambayo huwapunguza hao bakteria. Anza na ya asilimia 2.5, na ujue kwamba inapausha nguo, usije ukalilia mtandio wako wa sendofu.

Wala usimalize mshahara hapo. Sabuni ya uso hukaa usoni dakika moja kisha inakwenda na maji kwenye karo. Nunua ya bei ya kawaida, fedha iliyobaki weka kwenye losheni nyepesi na mafuta ya kukinga jua, kwa sababu jua ndilo linalokoleza hayo madoa. Na ukishachagua, kaa nayo. Sabuni tano kwa miezi michache! Mchagua nazi hupata koroma. Ngozi huchukua karibu mwezi mzima kujibadilisha, na chunusi huhitaji wiki sita hadi nane kuonyesha kama dawa inafanya kazi. Hujampa yeyote kati ya hao watano nafasi ya kujieleza.

Mdogo wako asitumie sabuni yako. Hilo ndilo kosa la nyumba nyingi, kipande kimoja kwa uso wa kila mtu. Yeye atafute ya krimu au ya maziwa isiyotoa povu, yenye gliserini. Asubuhi anawe kwa maji matupu, usiku kwa hiyo krimu, maji yasiwe ya moto, na apake losheni au mafuta ya mgando uso ukiwa bado na unyevu. Magamba ya mdomoni yasipoondoka, au yakianza kuwasha na kupasuka, huenda ni pumu ya ngozi, naye aende hospitali. Kama mnachangia taulo, acheni leo.

Namna ya kuosha yenyewe haina siri. Nawa mikono kwanza; wewe unashika noti siku nzima. Uloweshe uso, chukua jeli kiasi cha punje ya harage, pitisha kwa ncha za vidole kama nusu dakika, suuza mpaka kwenye ukingo wa nywele na chini ya taya, halafu kausha kwa kugusagusa. Siku uliyojipamba, ondoa poda na wanja kwanza kwa pamba yenye mafuta laini, ndipo uoshe. Ukitoka jasho sana kibandani unaweza kuongeza mara ya tatu, kwa maji tu. Na kwa hizo chunusi za kwenye paji, nayatilia shaka mafuta ya nywele. Ukisuka, yanateremka na jasho na kuziba vinyweleo. Paka kwenye mistari ya kichwa, usifike kwenye uso.

Ndimu nimeichelewesha kwa sababu inanihusu. Nikiwa msichana Tanga nilijipaka ndimu asubuhi nikaenda sokoni Ngamiani na jua lake. Nilirudi nikiwaka, baada ya siku chache nikawa na baka la kahawia shavuni lililokaa miezi. Ndimu ina kemikali ambayo ikikutana na jua huunguza ngozi. Bibi yangu alinicheka, akanionyesha jiwe lake la kusagia liwa. Yeye alipaka liwa na kuinawa taratibu. Sikumwona hata siku moja akisugua uso. Somo wako akikuletea singo kwa ajili ya harusi, ipokee kwa mikono miwili, mwambie ikae shingoni, mikononi na miguuni. Isipite juu ya chunusi.

Imebaki sabuni ya Kariakoo. Umefanya vyema kuogopa. Ngozi haibadiliki kwa siku saba bila kuumizwa, na baadhi ya sabuni za kung'arisha hutiwa zebaki, ambayo hupunguza rangi kwa kuzuia ngozi isitengeneze melanini, kisha huingia mwilini na kuharibu figo. Dunia ina Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaoibana zebaki, ikiwemo ya kwenye vipodozi, lakini mikoba ya magendo haisomi mikataba. Soma karatasi yake. Ukiona neno Mercury, Hg, Mercuric Iodide au Calomel, au onyo kwamba isiguse dhahabu na fedha, ujue ni yenyewe. Fikiria, bi harusi, sabuni inayoogopa pete yako ndiyo uitie usoni! Isipokuwa na orodha ya viambato kabisa, ipe shaka hiyohiyo. Usimgawie shoga yako wala usiitupe chooni. Ifunge vizuri uipeleke TBS, ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya vipodozi nchini, na uwaambie ulikoinunua.

Nikuambie na jingine ambalo wauza sabuni hawatalisema. Sabuni peke yake haiponyi chunusi nyingi, inaandaa uwanja. Kama unazo zile kubwa, ngumu, zinazouma kwa ndani au kuacha mashimo, usingoje hizo wiki nane. Omba hospitali ya rufaa iliyo karibu ikupeleke kwa daktari wa ngozi. Nchi hii inawafundisha yenyewe, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, tangu 1992.

Umesema miezi mitatu. Hizo ni kama wiki kumi na mbili. Toa mbili za kupumzisha ngozi, nane za dawa kuonyesha kazi, bado unabakiwa na mbili za kwenda kwa fundi cherehani. Anza usiku huu, na uniandikie baada ya mwezi uniambie paji linasemaje.