Dondoo muhimu: Kusaka ripoti za afya zilizo nje ya majarida

Matokeo mengi ya tafiti za afya hubaki kwenye ripoti za wizara, tasnifu na miongozo. Usiyaache.

• Google Scholar huonyesha matokeo yasiyozidi 1,000 kwa kila utafutaji. Gawa utafutaji wako kwa miaka.
• Kwenye Google ya kawaida, andika *site:who.int filetype:pdf*, kisha mada yako.
• Pekua IRIS, hazina ya machapisho ya Shirika la Afya Duniani, na hazina ya tasnifu ya Chuo Kikuu cha Muhimbili.
• Tafuta kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.
• Andika tarehe na maneno uliyotumia, na uhifadhi nakala.

Kagua mwandishi, mwaka na mbinu: nyingi ya ripoti hizi hazikupitiwa na wataalamu wenza.