Bolti Iliyoshikwa na Kutu

Katika kijiji cha Mabwerebwere, wilayani Kilosa, alikuwako mkulima mmoja mwenye motokaa kuukuu, ambayo ndiyo iliyochukua mahindi yake mpaka sokoni. Siku moja, magunia yakiwa tayari na mawingu ya mvua yakikusanyika juu ya milima, pampu ya maji ya motokaa ile ikaharibika. Mvua ikitangulia, njia ya udongo haipitiki. Basi pampu mpya ikanunuliwa upesi. Ile ya zamani ilifungwa kwa bolti nne; tatu zikafunguka, ya nne ikakataa kabisa.

Mwanawe, kijana mwenye nguvu, akatwaa bomba la chuma ili alivike katika mpini wa spana. Babaye akamzuia, akasema, "Ngoja, mwanangu. Utakata kichwa chake, na shina litabaki ndani ya mtambo."

Hesabu ya kijana haikuwa na kosa. Spana ya sentimita 20 ikirefushwa mpaka sentimita 60, mkono ule ule huzungusha kwa nguvu mara tatu. Lakini nguvu hiyo yaweza kufungua bolti, yaweza pia kuikata. Na bolti iliyokatika tunduni haina budi kutobolewa kwa keekee katikati yake, pole pole. Keekee ikienda upande, hesi za tundu huharibika, na hapo hasara hupita bei ya pampu.

Kwa nini bolti ishikwe hivyo? Chuma kikipatwa na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu hutaka nafasi zaidi ya maradufu ya chuma kilicholiwa. Tunduni hamna nafasi. Basi kutu hubana pande zote, kama kabari katika gogo.

Babaye akaisugua kutu ya nje kwa burashi ya waya, akatia mafuta mepesi, akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, mara nyingi, wala si kwa kishindo. Kugonga huko hupasua kutu, na mafuta hupenya katika nyufa zake. Kisha wakaiacha hata asubuhi. Hapa ndipo wengi washindwapo: nguvu wanazo, ila usiku mmoja hawana.

Asubuhi bolti ilikuwa bado ngumu. Kijana akataka kuleta moto, maana vyuma hupanuka vikipata joto. Lakini mvuke wa petroli huwaka kwa cheche moja tu; kwa hiyo wakachemsha maji katika birika, wakayamimina pole pole juu ya pampu. Pampu ile ilikuwa ya alumini. Fimbo ya alumini ya meta 1, ikizidishiwa joto digrii 100, hurefuka zaidi ya milimita 2. Ya chuma hurefuka milimita 1 na kidogo. Hivyo tundu la pampu likapanuka kuliko bolti iliyomo.

Babaye akatwaa spana ya pete, ishikayo pembe zote sita, akaizungusha kwanza kuume, upande wa kukaza, kidogo tu. Ikalia, "Kwa!" Kisha akairudisha kushoto. Kila ilipokaza aliirudisha kuume, akaongeza mafuta. Baada ya nusu saa bolti ikatoka, nyekundu kama udongo wa kichuguu.

Wakasafisha tundu, wakatia bolti mpya iliyopakwa grisi. Jua lilipofika utosini, magunia yalikuwa njiani kwenda Kilosa.