SOMO: BIMA YA CHOMBO CHA MOTO NI KINGA YA MAJERUHI

Watumishi wa umma na wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama wanakumbushwa kuwa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani, au kumruhusu mwingine akitumie, pasipo bima ya mtu wa tatu. Pikipiki nazo zimo.

Mtu wa tatu ni nani? Ni kama mwenda kwa miguu aliyegongwa. Bima hii, iitwayo bima ndogo, humfidia yeye. Haitengenezi gari la mwenye bima. Ikikosekana, fidia hudaiwa kwa dereva au mwenye chombo, na hao wakiwa hawana kitu, majeruhi hubaki mikono mitupu.

Kimebadilika nini? Sheria ya mwaka 1996 iliruhusu kampuni binafsi kufanya biashara ya bima. Leo stika ni za kielektroniki, na kumbukumbu zake zimo katika mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kwa hiyo, kila alipaye ahakiki kwa namba ya usajili kabla hajaondoka kwa wakala. Stika isiyoonekana humo itiliwe shaka mapema, si siku ya ajali.