Mwanangu Analilia Katuni

Shangazi, shikamoo.

Jumamosi nilipeleka flashi kwa kijana anayeuza muvi hapa mtaani, anijazie katuni za watoto. Moja ilikuwa ya Kijapani, ya kaka na mdogo wake wakati wa vita. Niliwaacha sebuleni nikaenda kupika. Niliporudi, binti yangu alishasinzia, ila kaka yake wa miaka tisa alikuwa analia kwa kwikwi. Tangu hapo halali bila taa. Juzi natandika kitanda, nakuta biskuti na nusu chapati chini ya mto. Eti anamwekea mdogo wake akiba. Baba yake anasema mtoto wa kiume halilii katuni, na ameifuta flashi yote. Mimi nimemwambia mtoto ule ni uongo mtupu, watu wale wamechorwa. Haelewi. Nifanyeje?

Mama Wawili, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Kwa maelezo yako hiyo ni Grave of the Fireflies, kazi ya Isao Takahata ya mwaka 1988. Seita na mdogo wake Setsuko wanampoteza mama yao ndege za Marekani zinapoichoma Kobe mwaka 1945, kisha njaa inawamaliza polepole. Mimi mtu mzima niliitazama mara moja, na sina hamu ya kurudia. Wajapani wenyewe waliingia mtego huohuo: ilipotoka ilionyeshwa pamoja na My Neighbor Totoro, katuni ya raha, hivyo wazazi waliopeleka watoto kucheka wakakumbana na msiba.

Ila hilo la "uongo mtupu" liache. Aliyeandika hadithi hiyo, Akiyuki Nosaka, alifiwa na mdogo wake wa kike kwa njaa mwaka huohuo wa 1945, na alikiri kwamba hakuwa mpole kama yule kaka wa kwenye filamu. Chakula kingine alikila mwenyewe. Takahata naye alikuwa na miaka tisa, umri wa mwanao, alipokimbia mabomu ya Okayama. Sikuambii umsimulie haya yote. Lakini ukishikilia kwamba ni uongo, wakati moyo wake unamwambia vingine, kesho akiogopa jambo hatakuletea.

Sasa tazama zile biskuti. Mwanao hana shida na Japani. Anajiuliza: mama akifa, huyu mdogo nitamlisha nini? Hilo ndilo la kujibu. Kaa naye, muulize ni kipande gani kinamrudia usiku, halafu nyamaza umsikilize. Akimaliza, mtajie watu kwa majina: mama akiugua yupo baba, yupo bibi, yupo mama mdogo, yupo jirani. Wale watoto wa kwenye filamu hawakumalizwa na mabomu peke yake. Mwanamke aliyewapokea aliwasimanga kwa kila kijiko cha wali mpaka wakahama, wakaenda kuishi peke yao pangoni. (Ndiyo, ni shangazi. Limeniuma.)

Akiba yake usiitupe wala usimgombeze, ingawa panya watakuja. Mpe kopo lenye kifuniko, likae kabatini jikoni, na jioni yeye ndiye amgawie mdogo wake. Akishazoea kuona kopo halikauki, ataacha mwenyewe. Wiki zikipita bado halali, au akianza kukataa chakula, mpeleke hospitali aonane na mtaalamu wa saikolojia.

Mume wako zungumza naye usiku, watoto wakiwa wamelala. Kufuta flashi hakukufuta kilichomo kichwani mwa mtoto. Na hao akina baba wa "mtoto wa kiume halii" nimewaona wakifuta macho timu yao ikifungwa dakika ya mwisho. Maneno ya "nipo, sitawaacha" mtoto anahitaji kuyasikia kwa baba yake pia.

Yule kijana wa muvi usimlaumu sana. Kwake chochote kilichochorwa ni cha watoto. Filamu ikishanakiliwa kwenye flashi, alama ya umri haiji nayo, basi tangulia kuonja mwanzo na mwisho wewe mwenyewe. Jumamosi hii mwombe Totoro. Pika mapema ukae nao, maana humo nako kuna mama amelazwa hospitali, na huyu wako ataanza kukuangalia usoni. Mwambie mapema kwamba yule mama anarudi nyumbani.