Fomu za Tovuti na Daftari Lake: Maswali Kutoka Meru na Embu

Swali: Chama chetu cha kahawa karibu na Runyenjes kina fomu ya uanachama katika tovuti, na kila ombi humfikia katibu kwa baruapepe. Je, twahitaji chombo kingine?

Jibu: Mwakihitaji, nacho ni kidogo kuliko mdhaniavyo. Baruapepe ni tarishi, wala si daftari; ikitupwa katika kapu la barua taka, au katibu akiondoka na neno lake la siri, ombi la mkulima limekwenda, ilhali mwenyewe ameketi nyumbani akiamini kwa yakini kwamba limepokewa. Basi seva ikipokea fomu, kwanza iyaandike yaliyomo katika hifadhidata, pamoja na tarehe na saa. Ikiisha kuandika, impe mwombaji nambari ya stakabadhi. Na baada ya hayo ndipo impelekee katibu baruapepe, ambayo hata ikikwama njiani, ombi lipo. Kwa maombi mia kadhaa kwa mwaka, SQLite, ambayo hukaa katika faili moja tu, yatosha, pamoja na kurasa mbili tatu za PHP, lugha aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ambayo aghalabu seva za kukodi huwa nayo tayari.

Swali: Hapa Nkubu, wazee wenye majina kama M'Imanyara wakituma fomu huambiwa kuna kosa. Taksiri ni ya nani?

Jibu: Ni ya aliyeandika programu, na nasisitiza jambo hili kwa kuwa naliona zito kuliko yote. Ritifaa ile iliyo baada ya herufi M ndiyo alama ambayo lugha ya SQL huitumia kufungulia na kufungia maneno. Programu ikilipachika jina vivi hivi ndani ya amri, hifadhidata huhesabu kwamba jina limekwishia kwenye M, na yaliyosalia huyasoma kuwa ni amri, ikachanganyikiwa. Mzee hakukusudia shari yoyote, lakini ufa uliomkwamisha yeye ndio ule ule ambao mwenye nia mbaya angeupitia kwa makusudi, akaandika katika nafasi ya jina maneno ya kusoma siri za wanachama wote au kulifuta daftari zima. Dawa si kuwaamuru wazee waache ritifaa, wala si kuiondoa kwa siri baada ya wao kuiandika. Dawa ni kuitenga amri na jina, yaani amri itungwe ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa jina, kisha jina lipelekwe peke yake, lipokewe kama jina na si kama amri. Kadhalika herufi ĩ na ũ za Kimeru na Kiembu zihifadhiwe kwa UTF-8, kuanzia ukurasa wenyewe hadi hifadhidata, kwani mtu ana haki ya kupewa cheti chenye jina lake kamili.

Swali: Mbona mtu mmoja hutuma fomu mara tatu?

Jibu: Kwa sababu mtandao ni dhaifu, naye, asipoona jibu, hubonyeza tena. Kila fomu itolewe ikiwa na nambari ya kipekee iliyofichwa; seva ikiiona mara ya pili, isiandike upya, bali irudishe stakabadhi ile ile. Msiwatambue watu kwa nambari ya simu pekee, maana mama na mwanawe huenda wakatumia simu moja. Na nambari yenyewe, iwe imeanza na 07, 01 au +254, programu ndiyo iisawazishe, asisumbuliwe mwombaji.

Swali: Na matangazo ya kipuuzi yanayojazwa na mashine?

Jibu: Wekeni nafasi moja isiyoonekana kwa macho, mashine aghalabu huijaza, mtu haijazi. Fauka ya hayo, anwani ya mpokeaji ikae ndani ya seva. Programu ya fomu iitwayo FormMail, ya Matt Wright, iliyoenea sana miaka ya 1990, ilikubali anwani hiyo kutoka kwenye fomu yenyewe, na watuma taka wakaigeuza kuwa posta yao ya bure.

Swali: Kamati yetu ya basari, Siakago, yataka nambari za vitambulisho na habari za wazazi waliofariki. Twaruhusiwa?

Jibu: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yawataka mkusanye yale tu yanayohitajika kwa kusudi mlilomweleza mwombaji, na msiyaweke kupita muda wa haja yenyewe, na data ikivuja kwa namna iwezayo kumdhuru mtu, Kamishna wa Data apashwe habari ndani ya saa 72. Habari za uyatima wa mtoto ni amana nzito. Ulizeni tu ikiwa uamuzi wautegemea, fomu ipite kwa HTTPS, na wanaoweza kulifungua daftari wawe wachache wanaojulikana kwa majina.

Swali: Asiye na intaneti je?

Jibu: Ushahidi, chombo kilichoundwa Kenya mapema mwaka 2008, kilipokea taarifa kwa tovuti na kwa SMS pia, zikakusanywa pahali pamoja. Nanyi fanyeni vivyo: ajaye na karatasi, karani amwingizie maombi yake katika daftari lile lile mbele ya macho yake, ampe stakabadhi yenye nambari ya mfuatano ule ule wa wenzake, asiwekewe foleni ya pembeni.