Herufi ndogo, kioo cheupe

SWALI: Nina kompyuta kuukuu ya Windows dukani kwangu, hapa Katoro. Jioni wanangu husomea hadithi humo, lakini maandishi ni madogo na weupe wa kioo unawaumiza macho. Nifanyeje?
Mzazi, Katoro, Geita

JIBU: Ndugu msomaji, tazama kwanza herufi za mwisho za jina la faili. Kama ni PDF, ukurasa umekwishafungwa: ukikuza maandishi, mstari unatoka nje ya kioo na mtoto anahangaika kuusogeza huku na huko. Kama ni EPUB, maneno hujipanga upya kufuata ukubwa unaoutaka. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua unapopakua, chukua EPUB.

Sasa programu ya kusomea: Calibre wengi wanaisifu, nami naipenda kwa kupanga maktaba kubwa, ila kwa mashine yako ni mzigo. Tumia SumatraPDF. Ni ya bure, nyepesi, inasoma aina zote mbili, na lipo toleo linalokaa kwenye flashi bila kusakinishwa. Ukishaipakua, kusoma hakuli bando.

Ukubwa wa herufi umefichwa mahali pa ajabu kidogo. Ingia “Settings”, kisha “Advanced Options”. Litafunguka faili la maandishi matupu. Tafuta EBookUI, na kwenye FontSize andika 14. Hifadhi, funga kitabu, ukifungue tena. Usiguse mengine.

Kuhusu weupe, bonyeza herufi i: ukurasa unakuwa mweusi, maandishi meupe. Ukibonyeza tena, unarudi ulivyokuwa. Wengine hawaupendi weusi huo. Hao wapunguzie tu mwanga wa kioo.