Kiwanja cha Baba na Safari Yangu kwa Wakili: Mafunzo Niliyopata

Marehemu baba alinunua kiwanja Mbagala, Dar es Salaam, mwaka 1996. Mwaka 2007 alimkaribisha ndugu yetu wa mbali akae kwenye vyumba viwili vilivyokuwepo, awe jicho la pale. Baba akafariki 2014. Mwaka 2021 ndugu huyo akaanza kuchimba msingi wa fremu za maduka, na tulipomuuliza akajibu kwamba kiwanja ni chake. Tulipoteza mwaka mzima kwenye vikao vya ukoo na simu za usiku kabla sijaenda kwa wakili. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Hakikisha aliye mbele yako ni wakili kweli

Kabla ya wakili nilianza kwa kishoka. Alikuwa na meza, muhuri na suti iliyonyooka, na aliongea sheria kwa kujiamini. Nikampa shilingi 200,000 za kufungua jalada. Jalada halikufunguliwa, na simu yake ikawa haipatikani.

Sasa najua. Kwa Tanzania Bara, shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada ya chuo kikuu anapita Shule ya Sheria, anaapishwa na Jaji Mkuu na jina lake linaingizwa kwenye orodha ya mawakili, kisha kila mwaka anahuisha kibali cha kufanya kazi. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili: unaandika jina, unaona kama mtu huyo yupo na kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa wakati huo. Ingenichukua dakika mbili.

2. Tafuta anayefanya kesi za aina yako

Wakili tuliyempata mwishoni, mama mmoja mtulivu, nilielekezwa na mfanyakazi mwenzangu aliyewahi kuwa na mgogoro wa mpaka. Nilimuuliza mambo mawili kabla ya kukaa: kama anafanya kesi za ardhi na mirathi, na kama amewahi kumhudumia huyo ndugu yetu au jamaa zake. La pili usiliache. Wakili hawezi kusimama pande zote mbili za shauri moja.

3. Panga karatasi kwa tarehe

Nilifika na mfuko wa plastiki uliojaa. Humo mlikuwa na hati ya mauziano ya 1996 yenye saini ya mjumbe na mashahidi wawili, risiti za kodi ya jengo, cheti cha kifo, picha za msingi na hata kadi ya kliniki ya mdogo wangu. Wakili aliumwaga mfuko mezani, akaanza kupanga karatasi moja moja kutoka ya zamani kwenda ya juzi. Alipofika kwenye hati ya mauziano aliinyanyua dirishani, akaisoma saini kwa saini, akaniuliza, "Huyu shahidi wa pili bado yupo hai?" Sikujua. Saa nzima niliyokuwa nimeilipia iliishia kwenye kupanga na kwenye maswali ya namna hiyo.

Ziara ya pili nilikwenda na nakala zilizopangwa, na ukurasa mmoja wa daftari nilioandika mwaka, tukio na nani alikuwepo. Tulimaliza kwa dakika arobaini. Shahidi wa pili nilikuwa nimeshamtafuta: alikuwa Mkuranga, mzee sana, lakini anakumbuka. Hati halisi zibaki kwako mpaka zitakapohitajika. Ukimwachia wakili, akuandikie kwamba amezipokea.

4. Usichague ukweli wa kumwambia

Hili ndilo lililoniuma. Kulikuwa na barua baba aliyoiandika kwa mkono mwaka 2007, akimruhusu ndugu yule akae "mpaka watoto wangu watakapokihitaji kiwanja." Kaka alisema tuifiche. Hofu yake, na yangu pia, ilikuwa kwamba barua ile inathibitisha tulimweka wenyewe, na miaka 12 imeshapita. Tulikuwa tumesikia mitaani kwamba mtu akikaa miaka 12 ardhi inakuwa yake.

Ziara ya kwanza nilinyamaza. Ya pili nikashindwa, nikaitoa kwenye pochi. Wakili aliisoma mara mbili, akavua miwani. Akaeleza kwamba ni kweli sheria ya ukomo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, lakini mtu aliyekaribishwa na mwenyewe hawezi kuitumia miaka ya ukarimu kumnyang'anya aliyemkaribisha. Barua tuliyotaka kuificha ilikuwa ndiyo ushahidi wetu mkubwa kuliko wote.

Mimi si mwanasheria. Sikuwa na uwezo wa kujua karatasi ipi inaniumiza na ipi inaniokoa. Na hata ingekuwa ya kuumiza, ni heri wakili aisikie kwako ofisini kuliko kuisikia kwa upande wa pili mbele ya baraza la ardhi. Mnayozungumza naye ni siri, na sheria inailinda siri hiyo. Ndiyo maana aliwaomba kaka na shangazi, niliofika nao, wasubiri nje tulipofika kwenye mambo mazito.

5. Jiulize kwanza kama una haki ya kudai

Nilidhani mtoto wa marehemu anatosha. Swali la kwanza la wakili lilikuwa, "Nani msimamizi wa mirathi?" Hakuwepo. Miaka minane tangu msiba, hatukuwa tumefungua mirathi kwa sababu kila mtu aliona aibu kuanza. Bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kudai mali ya baba kwa niaba ya familia. Kesi tuliyoililia mwaka mzima isingefika popote.

Tukarudi nyuma: kikao cha ukoo, muhtasari wenye saini za wote, cheti cha kifo, maombi Mahakama ya Mwanzo. Shangazi alilia kwenye kikao kile. Alisema ndiyo mara ya kwanza tunamzungumzia baba bila kugombana. Baada ya uteuzi ndipo tukaenda baraza la kata kwa usuluhishi, uliposhindikana tukafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

6. Malipo yasemwe siku hiyo hiyo, kwa maandishi

Uliza ada yake ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu ngapi, na kama ada za mahakama na nauli za mashahidi zimo au ziko nje. Dai risiti. Asiye na uwezo asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo, wasaidizi wa kisheria wapo, na mashirika kama WLAC na TAWLA yamewasaidia wanawake wengi bure.

7. Uliza tarehe ya mwisho kabla hujaaga

Kila shauri lina saa yake. Uamuzi wa baraza la wilaya unakatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Andika tarehe hiyo mahali utakapoiona kila siku.

Baraza lilitupa kiwanja, na barua ya baba imetajwa kwenye uamuzi. Ndugu msomaji, kama mzazi wako ameacha hata chumba kimoja na mirathi haijafunguliwa, iteni kikao mwezi huu, kabla mtu hajaanza kuchimba msingi.